Kupandisha Chombo Pwani



Jioni hii nimepewa nafasi ya kusema nanyi kwa muda mfupi, nami nimeona nisichague jambo kubwa la mbali, bali kazi moja ya pwani yetu, ambayo wengi wameiona kwa macho na wachache wameitia moyoni. Kazi hiyo ni kupandisha chombo pwani ili kitengenezwe. Najua ya kuwa wengi wenu mko bara, na wengine hamjapata kuiona bahari. Msidhani kwamba habari hii si yenu. Mwenye nyumba ya makuti, mwenye ghala ya mahindi, mwenye baiskeli, kila mmoja ana chombo chake, na neno nitakalosema mwisho lamhusu.

Nianze kwa swali. Chombo cha mbao huuawa na nini? Niliwauliza hivyo wanafunzi wangu chuoni. Mmoja akajibu, "Dhoruba." Wa pili akasema, "Mwamba." Wa tatu, "Ujinga wa nahodha." Majibu yote ni ya kweli, lakini baharia mzee angalitaja adui mwingine, ambaye hufanya kazi yake kimya, chombo kikiwa kimetia nanga bandarini, siku ya jua na bahari shwari.

Adui huyo ni mdudu. Umbo lake ni kama mnyoo, mweupe na laini; lakini wataalamu waliomchungua wameona ya kuwa si mnyoo, bali ni jamaa ya chaza na kome. Kichwani ana makombe mawili madogo yenye meno kama tupa, na kwa hayo hukereza mti. Huingia ubaoni angali mdogo kama chembe ya mchanga, na tundu aliloingilia ni dogo hata jicho huliona kwa taabu. Akiisha kuingia hatoki tena. Hula, hurefuka, huchimba njia yake ndani ya ubao na kuipaka chokaa. Kwa nje ubao waonekana mzima. Kwa ndani umekuwa kama sega la nyuki.

Mdudu huyo hakuwaonea watu wa pwani yetu peke yao. Christopher Columbus, yule baharia aliyevuka bahari ya Atlantiki mwaka 1492, alipatwa na msiba huo katika safari yake ya nne. Mwaka 1503 merikebu zake mbili zilizosalia zilikuwa zimetobolewa hata hazikuweza tena kuendelea na safari. Akazipandisha ufukoni Jamaica, akakaa huko mwaka mzima akingoja kuokolewa. Waingereza nao, mwaka 1761, walianza kujaribu kuivika manowari mabamba ya shaba ili mdudu asipate pa kuingilia.

Wazee wetu hawakuwa na shaba ya kuvika vyombo. Dawa yao ilikuwa nyingine, nayo yatumika hata leo: kukitoa chombo majini, kukikausha, kukipitishia moto, kuziba mianya yake, na kukipaka mafuta. Lakini dawa hiyo yataka ifanywe kwa wakati wake. Tena haifanywi na mtu mmoja.

Hapa sina budi kuwaambieni jambo lililotupata sisi wenyewe nyumbani kwetu. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, alikuwa na mashua, iliyoundwa Nungwi, katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja. Kwa mashua hiyo alichukua nazi, boriti za mikoko na samaki wakavu, akivuka kati ya kisiwa na bara, huku Pangani na Tanga. Baba yangu alikufa nikiwa mtoto, na mjomba ndiye aliyenilipia ada katika shule ya misheni. Kila mwaka, pepo zilipobadilika, alikuwa akiipandisha mashua ikatengenezwa.

Mwaka niliofaulu kwenda shule ya juu, ada ilizidi. Mjomba alihesabu fedha zake akaona hazitoshi kwa mambo mawili, ada yangu na kutengeneza mashua. Akamwambia mama yangu, "Mashua ni mbao, itangoja. Mtoto hangoji." Basi mimi nikaenda shule, na mashua ikabaki majini.

Mashua haikungoja. Mwaka wa pili, wakirudi na shehena ya nazi, ubao mmoja karibu na mkuku uliachia. Upepo haukuwa mkali siku ile. Walikumba maji tangu adhuhuri hata jua likachwa, mikono ikawaishia nguvu. Chombo kikazama. Mjomba na mabaharia wake wawili walishikilia foromali usiku kucha, hata wavuvi wakawaokota alfajiri. Uhai ulisalia, lakini mashua nyingine hakuipata tena. Miaka yake iliyobaki alivua katika ngalawa za watu, kwa sehemu ya tatu ya samaki. Nami sikuambiwa sababu hata nilipokuwa mwalimu mwenye mshahara, na mjomba amekwisha kuzikwa. Mama ndiye aliyenieleza.

Ndiyo maana mwaka jana, wakati wa likizo, nilivuka kwenda Nungwi. Nilitaka kuiona kwa macho yangu kazi ile ambayo mashua ya mjomba ilikosa kufanyiwa kwa ajili yangu.

Pwani ya Nungwi siku hizi ina mahoteli mengi ya wageni, lakini mafundi wa vyombo wangali wana mahali pao ufukoni, penye mbao, magogo yaliyopinda na harufu ya mafuta. Nilimkuta fundi mmoja mzee ameketi juu ya gogo, ananoa tezo yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Karibu." Alipojua ya kuwa mimi ni mwalimu, akacheka, akasema, "Basi leo mwalimu atakuwa mwanafunzi." Akaniambia kwamba keshokutwa, mwezi ukiwa mpevu, watapandisha mashua, nami nikae nione.

Kwa nini wakangoja mwezi? Enyi mlioko bara, sikilizeni. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila mchana na usiku wake. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hujaa kidogo na kupwa kidogo. Hayo ndiyo maji mafu. Katika pwani ya Unguja, siku za bamvua kubwa, maji hupanda hata kufika karibu mita 4, yaani futi 13, juu ya pale yalipopwa. Basi fundi hukileta chombo siku maji yanapofika juu kabisa ufukoni. Maji yakiisha kukiacha pale, siku zifuatazo hayafiki tena, naye hufanya kazi pakavu. Lakini ajue ya kuwa bamvua ya pili itakuja baada ya siku kama 14 au 15, na siku hiyo chombo kiwe tayari kushuliwa. Asipokuwa tayari, atangoja nusu mwezi mwingine, na mwenye chombo atakula nini?

Siku ya mwezi mpevu ilipofika, mashua ilikwisha kutolewa vitu vyote vizito: nanga, tanga, foromali, mlingoti, na mawe yaliyowekwa chini kwa kuituliza. Huko Unguja, maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alasiri na usiku. Saa tisa na nusu mashua ilikuwa yaelea karibu kabisa na mchanga, omo likitazama nchi kavu. Mabaharia walisimama majini hata kifuani, wakiishika isiende upande. Maji yalipoanza kupwa, ikakaa juu ya mkuku wake, na hapo hapo wakaitia magadi huku na huku, yaani miti ya kuitegemeza isilale ubavu. Kazi hiyo haitaki uvivu, kwa sababu chombo kikilala vibaya juu ya mchanga mgumu, uzito wake wenyewe waweza kuyavunja mataruma.

Kisha ikaja kazi ya kuivuta juu zaidi. Magogo ya mviringo yaliwekwa chini ya mkuku, yakapakwa shahamu yateleze. Kamba nene ikafungwa, ikapitishwa katika makapi mawili yaliyofungwa kwenye mti imara. Nikatazama huku na huku nikitafuta wavutaji. Nilidhani wataajiriwa. Kumbe kijana mmoja alikuwa amepita mitaani akiita, na sasa watu wakaja: wavuvi waliotoka kulala, muuza samaki na kisu chake kiunoni, vijana wenye mpira wao, wazee wasioweza kuvuta ila wa kuelekeza. Hakuna aliyeuliza ujira. Mmoja akapaza sauti, "Harambee!" Wote wakaitika na kuvuta kwa pamoja, mashua ikasogea hatua moja. Tena, "Harambee!" na hatua nyingine. Neno hilo, ambalo Kenya ililifanya wito wa taifa lake ilipopata uhuru mwaka 1963, nimelisikia maisha yangu yote katika hotuba. Lakini siku ile nilijua maana yake katika viganja vya mikono, kwa kuwa nami nilishika kamba.

Kazi ilipokwisha, mwenye mashua, ambaye si tajiri, alitoa sinia za mihogo ya kuchemsha na birika la kahawa. Watu wakala, wakapangusa mikono, wakaenda zao. Likumbukeni jambo hilo la mihogo, maana nitalirudia.

Kesho yake wakakwangua makombe na majani ya bahari yaliyoshika tumboni mwa chombo, wakakiosha kwa maji baridi ya kisima, wakakiacha kikauke. Ndipo moto ukaja. Makuti makavu yalifungwa katika ncha za miti mirefu, yakawashwa, na watu wawili wakatembea nayo taratibu, ulimi wa moto ukilamba mbao na kupita. Mdudu aliye karibu na uso wa ubao hawezi kustahimili joto hilo. Lakini moto ukisimama mahali pamoja kupita kiasi, ubao uliokunywa mafuta miaka mingi utawaka. Kwa hiyo nyuma yao walifuata vijana wenye ndoo za maji.

Baada ya moto, fundi alishika nyundo ndogo, akaanza kugonga ubao mmoja mmoja, ameinamisha kichwa kama mtu asikilizaye siri. Mmewaona mama zetu wanunuapo chungu sokoni, jinsi wakigongavyo kwa kidole wasikie kama kina ufa. Ndivyo alivyofanya. Ubao mzima huitika kwa sauti kali, na ulioharibika kwa sauti nzito, kama gunia la unga. Katika ubao wa pili kutoka mkukuni aligonga, akarudia, akatia ncha ya kisu. Kisu kikazama chote. Wakautoa ubao ule polepole, kwani msumari uking'olewa kwa nguvu hupasua ubao wa jirani. Fundi akanipa kipande. Kilikuwa chepesi mkononi. Nikakivunja kwa vidole viwili, na ndani nikaona matundu yaliyopakwa chokaa nyeupe, safi kama ukuta wa msikiti. Nikanyamaza. Nilijua ya kuwa nimeshika kitu kile kile kilichomzamisha mjomba wangu.

Jioni ile, tukinywa kahawa, nilimhadithia fundi habari yote, nikamaliza kwa kusema, "Alikosa fedha, fundi, kwa sababu yangu."

Fundi alifikiri, kisha akaniuliza, "Fedha za nini, mwalimu? Za ubao mpya, sawa, ubao hununuliwa. Lakini kukitoa chombo majini hakununuliwi. Makuti hayanunuliwi. Moto hauuzwi. Angaliipandisha tu, akaikausha, akaichoma, tukaigonga, tungalijua ubao gani ni mgonjwa, naye asingalipakia nazi juu yake. Kwa nini hakuita watu?"

Nikamjibu kama nilivyoambiwa na mama. Mjomba alikuwa mtu aliyezoea kuwalisha wavutaji wake wali kwa samaki. Mwaka ule hakuwa na mchele. Alisema, "Nitawaitaje watu pwani nisiwe na sinia la kuwawekea?"

Fundi akaweka kikombe chini. Akasema neno moja tu: "Tungalikuja."

Wasikilizaji wangu, nimelichukua neno hilo toka Nungwi, nami nimekuwa nalo hata leo.

Nisiwaache bila kuwaelezeni jinsi kazi ilivyokwisha. Fundi alichonga ubao mpya wa mvule. Hakutumia ramani wala karatasi. Aliuweka mahali pake, akautazama, akauchonga kwa tezo, akaurudisha, hata ukakaa kama ulioota pale. Alitoboa kwanza kwa keekee ili msumari usipasue, na kila msumari ukavikwa shingoni pamba iliyolowa mafuta. Kisha wakakalafati: pamba husokotwa kama utambi, hulowekwa mafuta, hushindiliwa katika mianya ya mbao kwa patasi butu. Kazi hiyo yataka mkono wenye kiasi. Ikishindiliwa kidogo, maji hupita. Ikishindiliwa mno, mbao zitakapofura majini zitasukumana hata misumari iachie. Tumboni, sehemu ya kukaa majini, wakapaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu ya mnyama. Juu yake wakapaka sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake ilinifuata hata nyumbani. Siku hizi wengine hutumia rangi za dukani, lakini fundi yule hushika ya wazee wake.

Ufundi huu una asili ya kale. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa karibu miaka 2,000 iliyopita, chataja vyombo vya pwani hii vilivyoshonwa kwa kamba. Na vyombo vya namna hiyo, tuviitavyo mitepe, viliendelea kuonekana katika pwani yetu hata karne ya 20. Msumari ulikuja baadaye. Lakini ubao, mafuta na mikono ya watu vilikuwapo tangu mwanzo.

Mwezi ulipoandama, bamvua ikarudi. Watu wakaitwa tena, wakaja tena. Mashua ikashuliwa saa kumi alasiri. Nilipochungulia ndani nikaona maji yakiingia kati ya mbao, nikashtuka. Fundi akacheka, akasema, "Zina kiu. Zimekaa juani siku kumi na nne. Ngoja zinywe." Na kweli, kesho yake mbao zilikuwa zimefura, mianya imejifunga, na ndani pakavu.

Sasa lile neno nililowaahidi. Tumezoea kusema kwamba vitu vyetu huharibika kwa umaskini. Mara nyingine ni kweli. Lakini mashua ya mjomba wangu haikuuawa na umaskini peke yake. Iliuawa na mdudu aliyeachwa afanye kazi yake, na mdudu aliachwa kwa sababu mtu mwema aliona haya kuwaita jirani zake mikono mitupu. Ni wangapi wetu ambao paa lavuja, ghala yaliwa na mchwa, kisima kimejaa tope, nasi twangoja mwaka wenye mchele wa kutosha? Mchwa hangoji mwaka huo.

Kwa hiyo, kwanza, gonga ubao wako kungali mapema. Usitazame rangi ya nje, sikiliza sauti ya ndani. Pili, ukiona kazi imekushinda, ita watu, hata kama huna ila mihogo na kahawa. Nilikula mihogo ile, wala sikumsikia hata mtu mmoja akiuliza wali. Tatu, na hili nawaambia hasa ninyi vijana, siku utakaposikia sauti yapita mtaani ikiita watu pwani, au shambani, au kwenye daraja lililobomoka, usiulize kwanza utakula nini. Nenda ushike kamba. Yule aitaye labda amekaa siku nyingi akipigana na haya yake kabla hajafumbua kinywa.

Mimi nilisomeshwa kwa thamani ya mashua moja. Deni hilo siwezi kumlipa aliyenikopesha. Naweza tu kuwaambieni habari zake.